Gitaa la Besi la Zamani: Msilipake Rangi Kabla ya Kulijua



Kikundi kimoja cha vijana kimetuuliza swali ambalo tumeona litafaa wengine pia. Wana gitaa la besi la umeme walilorithi kutoka kwa bendi iliyovunjika zamani. Rangi imechubuka, na kichwani limeandikwa Fender. Broka mmoja amewaambia ati walipake rangi kwanza ndipo alinunue kwa bei nzuri. Je, wafanye hivyo?

La, wasifanye. Wasilipige msasa wala brashi. Sisi tumezoea kwamba kitu kikipakwa rangi bei inapanda, kama kabati au baiskeli. Kwa magitaa ya zamani mambo ni kinyume. Wanunuzi wa Marekani, Ulaya na Japani hulipa maelfu ya dola kwa besi ya Fender ya miaka ya 1950 au mwanzo wa miaka ya 1960, bora iwe bado na rangi na vyuma vyake vya kiwandani. Ikishapakwa upya, wauzaji wengi hukata karibu nusu ya bei, hata kama fundi amefanya kazi safi sana. Huyo broka labda hajui, ama anajua sana.

Besi ya Fender aina ya Precision ilianza kuuzwa mwaka 1951 huko California, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Wanunuzi wengi hupendelea magitaa yaliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo. Basi tofauti ya miaka michache inaweza kubadilisha bei kabisa, na hapo ndipo wadanganyifu huingilia.

Jina la kichwani msiliamini peke yake. Ni karatasi nyembamba tu iliyobandikwa, na mtu anaweza kubandika nyingine. Hata namba si ushahidi kamili. Mpaka mwaka 1976 namba nyingi zilikuwa kwenye bamba la chuma nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Bamba hilo limeshikwa na skrubu nne. Mwenye bisibisi anaweza kulihamishia gitaa lingine kabla chai haijapoa. Baada ya hapo namba ikahamia kichwani.

Kinachotakiwa ni kuona kama sehemu zote zinakubaliana. Tafuteni fundi mwangalifu, alegeze nyuzi kwanza, halafu atoe shingo. Kwenye kisigino cha shingo mara nyingi kuna tarehe. Mpaka mapema mwaka 1962 waliandika kwa penseli, baadaye wakapiga muhuri. Kisha afungue pale penye vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. Chini ya kila kitufe kuna kifaa cha mviringo chenye namba. Tuseme imeandikwa 304 6312. Hiyo 304 ni kiwanda kilichotengeneza kifaa, 63 ni mwaka 1963, na 12 ni juma la kumi na mbili la mwaka huo. Kiwanda kingine alama yake ni 137.

Sasa linganisheni. Shingo ikisema 1963 na kifaa kikisema 1974, basi kuna kilichobadilishwa, ama gitaa limeungwa kutoka kwa magitaa mawili. Lakini kifaa kuwa cha zamani kidogo kuliko shingo si ajabu. Fender walinunua vifaa vingi sana mwaka 1966 wakaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa. Angalieni pia waya: mahali palipolehemiwa upya hung'aa tofauti na pale pa zamani. Tundu la skrubu lisilo na kazi nalo lina habari yake. Na rangi huchakaa pale mkono unapokaa. Ikiwa imechubuka mahali ambapo mkono haufiki, ulizeni sana.

Kama kuna kifaa kilichokufa na lazima kibadilishwe, kile cha zamani kisitupwe. Kiwekeni kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, na mweka hazina akiandike kwenye daftari la mali.

Kwa kwaya inayotaka kununua besi ya kupigia Jumapili, ushauri ni tofauti. Msilipie umri. Pesa za mzunguko ni za akina mama waliouza mboga, na besi ya kawaida iliyo nzima itawatosha.

Kitu kingine ni wizi. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi ya Höfner huko Hamburg mwaka 1961 kwa kama pauni 30. Iliibwa London mwaka 1972. Februari 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwake, baada ya Höfner wenyewe kuithibitisha. Miaka zaidi ya 50! Kwa hiyo anayewauzia aandike alilipata wapi, atie sahihi mbele ya mashahidi, na namba ya gitaa iandikwe kwenye mapatano. Kushika mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Mkipata mnunuzi wa ng'ambo, mtumieni kwanza picha za tarehe na namba zote. Ulizeni zaidi ya mmoja kabla ya kukubali bei. Tena kuna jambo la mbao. Magitaa mengi ya Fender ya kuanzia mwaka 1959 hadi katikati ya miaka ya 1960 yana ubao wa vidole wa mti wa rozwudi wa Brazili. Tangu mwaka 1992 biashara ya kimataifa ya mti huo imebanwa sana na mkataba wa CITES. Hata gitaa la kale linahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka, na hapa Kenya ofisi ya kuuliza ni KWS. Ulizeni kabla ya kupokea malipo, kwa sababu mzigo usio na kibali unaweza kuzuiliwa forodhani.