Gari linagonga mbele: mlio upi unaweza kusubiri, upi usimamishe safari

Msikilizaji wetu, ukiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda machimboni, iwe Nyarugusu, Bukoli au Kakola, gari hupita kwenye mashimo na vijituta vya mfululizo kama migongo ya bati. Raba zikichanika, vumbi huingia, grisi hutoka na vyuma vya mbele hulegea. Hapo gari huanza kugonga.

Milio hiyo haina uzito sawa. Tuitenganishe.

Kwanza kagua nati za tairi, hasa kama limetoka kuzibwa pancha. Nati zilizolegea pia hugonga, na tairi linaweza kuchomoka.

Ko-ko-ko nyepesi kwenye mashimo madogo, huku usukani ukiwa sawa: mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi. Endesha taratibu, utengeneze mapema.

Gari linaendelea kunesa baada ya tuta, na shokapu limelowa oili: shokapu limekufa. Breki na kona vitakusumbua.

Tak-tak-tak ukikata kona kali: sivi jointi. Tazama kama buti yake imechanika na kurusha grisi.

Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda: beringi, au tairi lililolika vibaya.

Mgongo mzito ukigeuza usukani au ukifunga breki, na gari linavuta upande: simama. Inaweza kuwa boljointi au tairodi endi. Boljointi ikichomoka, tairi hulala ubavu. Tairodi ikiachia, tairi halifuati tena usukani. Fikiria hilo likitokea Probox ikiwa imebeba mama mjamzito kwenda hospitali.

Namna ya kupima: simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye tairi za nyuma, kisha inua tairi moja la mbele kwa jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: kucheza kukiisha, shaka ni beringi, kukiendelea, shaka ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, shaka ni tairodi au mashine ya usukani.

Ukifika gereji, usiseme tu "linagonga". Eleza linagonga lini, upande gani, kwenye shimo, kona au breki. Maelezo hayo yanakuokoa na kununua vipuri ambavyo havikuwa vibovu. Tairodi ikibadilishwa, pima wili alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande.

Nawe abiria, masikio unayo. Ukisikia mgongo mzito na kuona dereva anapigana na usukani, mwambie asimame akague. Kuchelewa kufika Katoro kwa nusu saa si hasara.