Kipande cha Mshipa wa Sungura

Wajukuu zangu, sungura mnayemjua ni yule mjanja wa hadithi, anayemcheza fisi shere. Leo nina sungura mwingine, tena marehemu. Wala hatumhitaji mzima. Tunataka kipande tu cha mshipa wake mkubwa wa damu, ule utokao moyoni.

Ilikuwa London, mwaka 1969. Priscilla Piper na John Vane walikitundika kipande hicho na kukiunganisha na kijiti cha kuchorea. Mshipa ukijikunja, kijiti kinacheza na mstari unapanda kwenye karatasi. Kisha wakachukua maji yaliyopitishwa kwenye mapafu ya simbilisi mwenye mzio, wakayadondosha juu yake. Mshipa ukanywea palepale, kama konokono aliyeguswa pembe. Walipoyaacha maji yakae dakika chache kwanza, wapi! Nguvu zilikuwa zimekwisha.

Kitu gani hicho, kikali vile na kinachokufa upesi vile? Hawakukijua, basi wakakiita kwa kazi yake: kitu kinachokunja mshipa wa sungura. Jina refu, lakini halidanganyi. Halafu wakajaribu kutia aspirini, dawa ileile ya maumivu na uvimbe. Kitu hakikutoka.

Tuiache London kidogo, tuje kwenye kidole chako. Bati limekukata, damu inatoka. Ndani ya damu hiyo mna chembe sahani, ndogo kuliko chembe nyekundu, na katika milimita moja ya ujazo huwa kati ya 150,000 na 400,000. Zikifika penye mpasuko zinanata, zinavimba, zinatoa vijiguu na kushikana. Kisha zinapiga mbiu. Mbiu yenyewe ni kemikali iitwayo thromboksani, nayo inafanya mambo mawili kwa mkupuo: inaita chembe sahani nyingine zije, na inaubana mshipa uliokatika, kama unavyoukunja mpira wa maji uliopasuka. Ilitambuliwa mwaka 1975 huko Sweden na kundi la Bengt Samuelsson, nao ndio wakaona kwamba nguvu zake hupungua nusu kila baada ya sekunde 30 hivi. Kumbe ndicho kile kitu cha sungura! Na heri kinakufa upesi, maana mbiu isiyokoma ingegandisha damu hata pasipo jeraha.

Aspirini inaizimaje? Chembe sahani hutengeneza thromboksani kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho koksi. Aspirini huingia humo na kuacha kipande chake ndani, kama ufunguo uliovunjikia kwenye kufuli. Chembe nyingine za mwili zingetengeneza koksi mpya. Chembe sahani haziwezi kwa sababu hazina kiini. Hubaki bubu mpaka zife, siku saba hadi kumi. Brufeni, dawa nyingine ya maumivu, ina adabu zaidi: inakalia kiti kwa saa kadhaa, kisha inaondoka. Ila ukiitanguliza brufeni, aspirini inakuta kiti kina mtu.

Ukuta wa mshipa nao una sauti yake, prostasaiklini, inayolegeza mshipa na kuzituliza chembe sahani. Chembe za ukuta huo zina kiini, kwa hiyo zinajitengenezea koksi upya. Ndiyo maana aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, huzinyamazisha chembe sahani zaidi kuliko ukuta, na madaktari huwapa watu waliokwisha kupata shambulio la moyo.

Kabla ya hayo yote kujulikana, alikuwako daktari mmoja California, Lawrence Craven. Watu aliowakata mafindofindo na kuwapa ubani wa kutafuna wenye aspirini walitokwa damu kupita kiasi. Akataka kuhakikisha. Akawa anameza vidonge 12 kila siku, mpaka pua yake mwenyewe ikaanza kutoka damu. Msimuige, tafadhali. Mimi namheshimu kwa kuwa aliyaona kwa macho mambo ambayo Vane alikuja kuyaeleza mwaka 1971, naye Vane akashiriki Tuzo ya Nobel na Samuelsson na Sune Bergström mwaka 1982.

Sasa sikilizeni, hasa mnaoishi Dar es Salaam, mji uliokwisha kuonja homa ya dengi zaidi ya mara moja. Dengi hupunguza chembe sahani na kuifanya mishipa ivuje. Ukizibana mdomo chache zilizobaki kwa aspirini au brufeni, unaikaribisha damu itoke. Aspirini nayo haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 16 bila amri ya daktari, kwani yaweza kumdhuru ini na ubongo. Basi ukishikwa na homa na viungo vikauma, usikubali kidonge cha jirani, hata akikusifia namna gani. Mwambie mama mwende mkapimwe, na kama ni kutuliza homa njiani, ombeni parasetamoli.