Mdogo Wake Yuaja: Sahani Yake I Wapi?

Ndugu mkulima, mwezi huu sikuandikii habari za mbegu wala za bei ya korosho. Nataka tuzungumze habari za nyumbani, nazo ni habari za shamba vile vile, kwa kuwa shamba lisilo na watoto wenye afya ni pori la kesho. Kama mama watoto wako ni mjamzito, na uani mwako mna wavulana wadogo wanaokimbizana, keti chini usome mpaka mwisho. Na kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

Mimi nakaa Kibuyuni, karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Nalisomea ualimu, na sasa ni karani wa ofisi ya kilimo. Nina wavulana wawili. Mkubwa ana miaka minane, mdogo ana miaka miwili na nusu, na mama yao yu katika mwezi wa saba. Basi haya nitakayokuambia yamepita mlangoni mwangu mwenyewe.

Karani asiyehesabu kwake

Kazi yangu ofisini ni kuhesabu. Naandika daftarini mbuzi wa watu, minazi ya watu na magunia ya watu. Mtu akija na mbuzi aliyekonda, namwuliza mara moja, "Anakula nini huyu?" Lakini nyumbani kwangu sikuhesabu.

Mama watoto alipojua kwamba ana mimba, tulifanya kama walivyofanya wengi kabla yetu. Tulimwachisha mdogo ziwa siku hiyo hiyo, kwa shubiri. Alilia usiku tatu. Siku ya nne tukamketisha mkekani, sahani moja na kaka yake, tukasema, "Sasa amekuwa mwanamume." Tukadhani kazi imekwisha.

Wewe wajua mtoto wa miaka minane atokaye shule alivyo na njaa. Mkono wake ni mwepesi kama wa mvuvi. Kabla mdogo hajatafuna tonge la kwanza, samaki amekwisha kwenda. Mdogo alibakiwa na sima na mchuzi, naye hakulalamika, kwa kuwa tumbo lilijaa. Mimi nilikuwa nikila barazani na wageni wangu, sikuona. Mama yao alikuwa na kichefuchefu cha mimba, harufu ya chakula ilimkimbiza jikoni, naye hakuona.

Haikupita miezi miwili, mtoto akabadilika. Hakuwafukuza kuku tena. Alikaa kizingitini, kimya, akinung'unika akiguswa. Bibi mmoja jirani alimtazama sana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtoto huyu amebemendwa."

Msomaji, wajua aibu ya neno hilo. Wazazi wakiambiwa hivyo, huona wameshtakiwa mambo ya chumbani, hata wengine humficha mtoto ndani wasimpeleke kliniki. Mimi nami nilitaka kumficha. Lakini juma hilo hilo alipita mhamasishaji wa afya ya jamii, akamfunga mtoto utepe wake mkononi, juu ya kiwiko. Utepe huo una rangi tatu. Kijani ni salama. Manjano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni utapiamlo wa kiasi. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni hatari kubwa. Wa kwetu ulisimama penye manjano. Akaniuliza swali moja tu: "Huyu hula sahani ipi?"

Nilikosa jibu.

Jina lililotoka Ghana

Usidhani jambo hili ni la Pwani peke yake. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Aliwaona watoto waliovimba miguu, nywele zikawa nyekundu na ngozi ikabambuka. Akawauliza akina mama wa kabila la Waga jina la ugonjwa huo. Wakamwambia jina ambalo maana yake ni ugonjwa ampatao mtoto mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 daktari huyo aliliandika jina hilo katika gazeti la madaktari la Uingereza, na dunia nzima ikalichukua. Ndilo neno letu kwashiakoo.

Angalia basi: akina mama wa Ghana na bibi zetu wa Kwale waliona jambo lile lile. Waliona kwamba mimba mpya ikiingia, mtoto aliyetangulia hudhoofika. Macho yao hayakukosea. Ila si laana, wala maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Kinachomdhoofisha mtoto ni kwamba ziwa, lililokuwa chakula chake bora, limeondolewa ghafula, na hakuna aliyemwekea kitu mahali pake. Sima pekee haitoshi. Mtoto huweza kushiba huku mwili wake una njaa.

Kwa hiyo usimwachishe mtoto kwa siku moja. Mama mwenye mimba isiyo na matatizo aweza kuendelea kunyonyesha, huku akipunguza polepole. Na kama amewahi kuharibu mimba, amwulize mkunga kwanza. Tena kumbuka kwamba ni heri mtoto atimize miaka miwili kamili kabla mama hajashika mimba nyingine. Zungumzeni jambo hilo wawili, mwende kliniki pamoja.

Tulivyofanya sisi

Jambo la kwanza, tulimpa mdogo sahani yake mwenyewe. Ni sahani ya bati yenye ua jekundu, haikugharimu fedha nyingi, nami nakuambia ndiyo dawa ya kwanza. Sahani yake ukiitazama wajua amekula kiasi gani na ameacha nini. Sahani ya pamoja haikuambii neno.

Jambo la pili, tulitazama kilichomo ndani yake. Wewe mwenye shamba la skimu huna haja ya duka kwa hili. Uji wa mahindi tulitia karanga zilizopondwa. Kunde tulizipika kwa nazi. Dagaa tuliwaponda unga, tukanyunyiza kijiko kimoja juu ya sima yake. Mchicha haukukosa, papai halikukosa, na kuku akitaga, yai la kwanza ni la mdogo na la pili ni la mama yake. Yakizidi ndipo huuzwa. Ukiuza mayai yote ukamnunulia mtoto soda, umeuza ng'ombe ukanunua kamba.

Jambo la tatu, hula mara tatu kwa siku, na kati ya milo hupata kitu kidogo, ndizi au kiazi kitamu. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mara moja kama lako. Mmoja wetu huketi naye mpaka amalize.

Kadhalika tulimpeleka kliniki akapimwa uzito, akapata vitamini A na dawa ya minyoo, ambavyo mtoto hupewa kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano.

Nawe fanya hivi leo. Mbonyeze mtoto juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu polepole mpaka tatu. Ukiondoa kidole na shimo likabaki, usingoje kesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wetu hakufika huko, namshukuru Mungu. Leo utepe wake u penye kijani, na kuku wameanza tena kumkimbia.

Mzigo wa mama

Sasa tumtazame mama mwenyewe. Hapa Kibuyuni wanawake wengi hulima mwani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hukauka sana, nao huenda pwani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna uliokwisha komaa. Mwani mbichi umejaa maji, na kiroba chake chaweza kumlemea hata kijana. Mama wa watoto wangu alikuwa akikibeba kichwani mpaka chanjani, kisha akirudi huchota maji na kutafuta kuni.

Huko kwenye skimu mzigo ni mwingine, lakini kichwa ni kile kile. Tena nyumba zenu zimesimama kila moja katika shamba lake, na bibi na shangazi wa watoto mmewaacha mbali. Hapana mtu wa kupokea ndoo mlangoni isipokuwa wewe, baba.

Basi mimi sasa Jumamosi za bamvua huenda pwani kubeba viroba, na mkubwa wangu huja nami kuutandaza mwani chanjani. Maji nachota kabla ya kwenda ofisini. Siku za kwanza baadhi ya wanaume walinicheka kisimani. Mmoja wao sasa nakutana naye pale na ndoo zake mbili.

Mama ahudhurie kliniki mapema, mara nane au zaidi kabla ya kujifungua. Ameze vidonge vya damu kila siku, apate dawa ya kuzuia malaria anayopewa huko, na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, akiona kiwi, akivimba uso na mikono, akipata homa, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, mpelekeni hospitali bila kuchelewa.

Yaliyo moyoni mwa wavulana

Chakula peke yake hakimalizi kazi. Mdogo wangu amekuwa kitinda mimba maisha yake yote, na sasa cheo hicho chaondoka. Tulimweleza mapema kwamba tumboni mna mtoto. Humwekea sikio, mara nyingine humpigia kelele aamke. Usiku mmoja, tukila, aliishika sahani yake kwa mikono miwili, akaniuliza, "Baba, mtoto akija atakula sahani yangu?"

Msomaji, swali hilo lilinichoma. Nilijua amekwisha nyang'anywa mara moja, naye hajasahau. Nilimwambia, "Mwanangu, mtoto hana meno. Miezi sita atanyonya tu, hatapewa hata maji. Sahani hii ni yako, na akikua tutamnunulia yake." Kaka yake, aliyekuwa amenyamaza, alichukua kipande cha samaki katika sahani yake akamwekea. Hakuna aliyemwagiza.

Mkubwa naye ana haki yake. Usimfanye yaya. Mpe kazi zinazolingana na umri wake: kulisha kuku, kuokota kuni ndogo, kumshika mdogo mkono wakienda msalani. Lakini shule isikatwe, na mchezo usikatwe. Ukimlaza kazi za mtu mzima kwa sababu ya mtoto mpya, atamchukia mtoto, si kazi.

Siku ya safari

Sisi tumekwisha panga. Kutoka kwetu mpaka hospitali ya Msambweni ni kupita Kanana, na usiku gari ni shida. Kwa hiyo dereva amejulikana, nauli imewekwa kando, nguo na kanga ziko mkobani, na mtu wa kutoa damu tumemtafuta. Jiandikisheni mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, msije mkahangaika siku ya uchungu.

Na wavulana je? Wengi husahau. Mama huondoka usiku, watoto wakiamka hawamwoni, wakidhani amekufa au amewatupa. Sisi tumewaambia mama atakwenda wapi, atarudi na nani, na bibi jirani, yule yule aliyeniambia neno gumu, ndiye atakayelala nao. Nilikwenda nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa kumnunia. Akacheka, akasema, "Mwanangu, nilisema nililoliona. Mlete mtoto, na ile sahani yake uilete."

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi jioni hii, kabla hujazima taa, fanya hesabu moja. Hesabu watoto walioketi mkekani, kisha hesabu sahani. Hesabu zisipolingana, wajua pa kuanzia kesho asubuhi.