Jinamizi: Mwili Unapochelewa Kuamka

Masimulizi huwa karibu yale yale, awe msimulizi ni mvuvi wa Pemba, mwanafunzi wa bweni au muuguzi aliyelala mchana baada ya zamu ya usiku. Mtu amelala chali. Anafumbua macho na kukiona chumba chake kama kilivyo: chandarua, dirisha, nguo iliyotundikwa mlangoni. Anajua yuko macho. Anataka kugeuka, hawezi. Anataka kumwita aliyelala kando yake, sauti haitoki. Kisha anahisi kwamba humo chumbani yumo mwingine. Pengine anasikia miguu ikiburuzwa sakafuni. Pengine anakiona kivuli kikitoka mlangoni, kikapanda kitandani, kikamkalia kifuani. Pumzi inakuwa haba. Anaamini kwamba anakufa. Halafu, ghafla, kidole kinatikisika na yote yanatoweka. Vinabaki jasho, moyo unaodunda, na swali ambalo kukicha hajui amuulize nani.

Kiswahili kina jina la hali hii tangu zamani: jinamizi. Husemwa kwamba jinamizi limemkaba fulani, au kwa kifupi kwamba fulani alikabwa usiku. Siku hizi neno hilo limepanuka, likatumika kwa ndoto yoyote mbaya na hata kwa misiba ya kisiasa magazetini, lakini maana ya kukabwa ndiyo inayomhusu tabibu. Anayepatwa na hali hii haoti kama waotavyo wengine. Yu macho, isipokuwa mwili wake haujapata habari. Madaktari huiita kupooza usingizini.

Ili kuelewa kinachotokea, hatuna budi kukumbuka kwamba usingizi si kitu kimoja. Usiku mzima mlalaji hupita katika mizunguko, kila mmoja wa dakika 90 hivi, na ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho hukimbia huku na huku chini ya kope na ubongo hufanya kazi karibu kama mchana. Hicho ndicho kipindi cha ndoto zilizo hai zaidi, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kama mwili ungetii kila amri ya ndoto, mlalaji angekimbia, angepiga na angeruka dirishani. Kwa hiyo shina la ubongo hupeleka amri kwenye uti wa mgongo, na kemikali mbili, glaisini na GABA, huzizima seli zinazoendesha misuli ya viungo. Ni kinga, wala si ugonjwa. Kila binadamu mzima hupooza hivyo mara kadhaa kila usiku bila kujua.

Misuli michache huachwa huru, hasa ile ya macho na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ndiyo maana aliyekabwa huweza kuzungusha macho, na ndiyo maana hafi kwa kukosa hewa. Lakini misuli ya mbavu imelegea pamoja na mingine. Mtu anapojaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi, kifua hakiitiki, naye hutafsiri ukaidi huo kama uzito. Uzito ukishakuwepo, ubongo ambao bado una mguu mmoja ndotoni hutafuta mwenye uzito.

Hapo ndipo maruweruwe yanapoingia. Watafiti wameyagawa katika makundi matatu: mgeni aliyeingia chumbani, mkandamizaji anayekalia kifua au kushika koo, na hali ya mwili kuelea, kuzunguka au kuuacha mwenzake kitandani. Makundi mawili ya kwanza huenda pamoja na hofu kuu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sehemu ya ubongo inayolinda dhidi ya hatari, amigdala, huwa imeamka kabla ya sehemu zinazopima na kuhoji. Kengele inalia, mwizi haonekani, akili inamuumba mwizi.

Wala si jambo la watu wachache. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011, yakiwa na watu zaidi ya 36,000, yalikuta kwamba takriban asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kukabwa walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi idadi ilikuwa asilimia 28, na kwa wenye maradhi ya akili asilimia 32. Wanafunzi wamo katika orodha hiyo kwa sababu isiyo na uchawi wowote: wanakesha.

Kila jamii imempa mkandamizaji sura. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ni kikongwe. Wajapani huita hali hiyo kanashibari, kufungwa kwa minyororo ya chuma. Waarabu walimwita kabusi, na inafaa waganga wa leo wajue kwamba katika karne ya 10 tabibu Mwajemi, Akhawayni Bukhari, aliandika juu ya kabusi bila kumtaja jini hata kidogo. Yeye alisema ni mvuke unaopanda kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Alikosea kuhusu mvuke, lakini alitazama mahali panapostahili.

Tofauti ya imani, hata hivyo, si pambo tu. Watafiti waliolinganisha watu wa Misri na wa Denmark walikuta kwamba Wamisri waliopatwa na hali hii, wengi wao wakiihusisha na majini, waliogopa zaidi kwamba wangekufa, na vipindi vyao vilikuwa virefu zaidi. Hofu huvuruga usingizi, usingizi uliovurugika huzaa jinamizi jingine, na jinamizi hilo huthibitisha hofu. Mgonjwa akifika kwa mtaalamu tayari amezunguka katika gurudumu hilo miezi, pengine miaka.

Zanzibar ililiona gurudumu hilo likizunguka kwa visiwa vizima. Mapema mwaka 1995, wakati wa mwezi wa Ramadhani, habari za popobawa zilianza kuenea Pemba, kisha zikavuka hadi Unguja. Ilisemwa kwamba kiumbe hicho huingia nyumbani usiku, humkandamiza mtu asiweze kusogea wala kupiga kelele, na kumdhalilisha. Tena kwamba aliyepatwa asipowasimulia wenzake, kitarudi. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakiota moto. Katika masimulizi mengi ya waliovamiwa, tabibu wa usingizi huitambua picha yake: kulala chali, kupooza, uzito, mgeni. Isitoshe, huo ulikuwa mwezi wa kuamka usiku kula daku, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na mioyo ilikuwa juu. Kukesha uwanjani kulinda nyumba kulizidi kuukatakata usingizi, na agizo la kusimulia likahakikisha kwamba kila anayelala amekwisha pewa sura ya kitakachomkaba. Haielekei kwamba watu hao walidanganya. Walichohisi walikihisi.

Lakini hofu ile ilimwaga damu. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyedhaniwa kuwa popobawa, aliuawa na kundi la watu. Huu ndio upande wa jinamizi ambao vitabu vya tiba huupitia haraka mno. Mgeni wa usiku akiwa kivuli, madhara huishia kitandani. Akipewa uso wa jirani, wa mkwe au wa mke mwenza, kuna mtu wa kushtakiwa. Mwaka 1692, huko Salem, Marekani, mwanamke aliyeitwa Bridget Bishop alishtakiwa kwa uchawi. Miongoni mwa mashahidi walikuwamo wanaume walioeleza mahakamani kwamba waliamka usiku wakamkuta amewakalia, wasiweze kujitikisa. Mmoja, John Louder, alisema alimwona juu ya tumbo lake akimshika koo. Bishop alinyongwa mwezi Juni mwaka huo, wa kwanza katika kesi zile. Anayedhani hayo ni ya Salem peke yake na awakumbuke vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu kwa moshi wa jikoni yakihesabiwa kuwa ushahidi.

Kliniki, mgonjwa mara chache huanza na jinamizi. Mama mtu mzima atasema kichwa kinamuuma, au kwamba huamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Msemo huo usipite hivi hivi: katika maeneo mengi ya Tanzania una maana yake, kwamba wachawi humchukua mtu usiku wakamlimisha mashamba yao. Mhudumu kijana akishamwamkia na kuitikiwa, aulize, “Mama, usingizi wako ukoje?” Jibu huenda likawa, “Mwanangu, nikikuambia utanicheka.” Akicheka, au akisema hayo ni mawazo tu, mazungumzo yamekwisha na mama hatarudi. Njia iliyo bora ni kumtangulia: “Mama, hukutokea ukiwa umelala chali, chumba unakiona, lakini hata kidole hakisogei?” Wagonjwa wengi hushangaa kwamba mtu wa hospitali analijua jambo hilo, na mshangao huo tayari ni nusu ya dawa.

Baada ya hapo kuna mambo ya kutenganisha, maana si kila cha usiku ni jinamizi. Aliyekabwa hukumbuka kila kitu. Mwenye kifafa cha usiku huwa hakumbuki, na huenda akaamka ameuma ulimi au amejikojolea. Anayekoroma sana, akanyamaza, kisha akashtuka kwa kukosa hewa, na mchana akasinzia, achunguzwe kuziba kwa njia ya hewa usingizini, hasa akiwa mnene au ana shinikizo la damu. Anayelala ghafla mchana katikati ya mazungumzo, na magoti yake yakalegea anapocheka, anaweza kuwa na nakolepsia, ugonjwa wa usingizi ambao jinamizi ni mojawapo ya dalili zake. Udhaifu wa viungo unaodumu saa nzima au zaidi baada ya kuamka si jinamizi kabisa. Potasiamu ya damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Lipo moja zaidi, nalo ni zito kuliko yote. Jinamizi huwatembelea zaidi waliopata kiwewe: ajali, vita, kubakwa. Lakini pia lugha ya jini huweza kufunika jambo linalotokea kweli. Msichana anayesema kuna kitu humjia usiku na kumdhalilisha aulizwe faraghani, kwa upole, mbali na aliyemleta, kama kuna mtu nyumbani anayeingia chumbani mwake. Kukimbilia elimu ya usingizi kabla ya kuuliza swali hilo ni kosa lisilosameheka.

Matibabu kwa walio wengi hayahitaji duka la dawa. Kulala saa saba au zaidi, kulala na kuamka kwa saa zile zile, kuacha kahawa na mirungi tangu alasiri, na kulala ubavu, mto ukiwekwa nyuma ya mgongo ili mtu asirudi chali. Anayefanya zamu za usiku ajitahidi mwajiri wake asimbadilishie zamu kila baada ya siku mbili tatu, ingawa ni rahisi kuliandika hilo kuliko kulipata. Anayekabwa mara kwa mara hadi akaogopa kulala anaweza kuandikiwa na daktari dawa za sonona kwa dozi ndogo, kwa kuwa hupunguza usingizi wa ndoto. Asiziache ghafla, maana usingizi huo hurudi kwa kishindo, na jinamizi pamoja nao.

Vipi kuhusu dua, kombe na maombi? Hakuna sababu ya kiafya ya kumkataza mgonjwa kisomo au sala kabla ya kulala. Moyo uliotulia hulala vizuri zaidi, na mhudumu anayeidhihaki imani humsukuma mgonjwa kwenda mahali ambapo hatamwona tena. Mpaka uwekwe penye madhara: vipigo, kufungwa kamba, kunyimwa chakula, kufukizwa moshi hadi kukosa pumzi, kuambiwa aache dawa za kifafa au za VVU, na kutajiwa jina la mbaya wake. Mganga anayetaja jina la mtu anaweza kuwa anatoa hukumu ya kifo.

Na usiku wenyewe ukifika? Kupambana huongeza hofu na huonyesha kifua kinavyokataa. Afadhali mtu aache kuvuta pumzi kwa nguvu na aliachie tumbo lipande na kushuka lenyewe, kwa kuwa kiwambo hakijapooza. Azungushe macho. Akazanie kitu kidogo: ncha ya ulimi, kidole cha mguu. Kwa kawaida mambo yote huisha ndani ya sekunde chache hadi dakika chache. Anayelala kando yake naye afundishwe. Akisikia mgumio hafifu gizani, asikimbie kuwasha taa wala kuita majirani. Amguse bega. Mara nyingi kuguswa hutosha.