Mkono wa Tatu: Usalama wa Simu na Kompyuta Muhima

Mafundisho mengi ya usalama wa mtandaoni yamejengwa juu ya dhana kwamba kila chombo kina mwenyewe mmoja, ambaye ndiye aliyekinunua, ndiye anayekitumia, na ndiye pekee anayeijua namba yake ya siri. Ushauri wote unaotolewa na benki, kampuni za simu na polisi, kuanzia kumkataza mtu asimtajie yeyote namba yake hadi kumhimiza abadilishe nenosiri mara kwa mara, unamlenga mtu huyo wa kufikirika (na ushauri huu wa pili ulikwisha kuachwa mwaka 2017 na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwa kuwa anayelazimishwa kubadilisha nenosiri kila mara huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni mwa lile la zamani). Katika Muhima, sekta ya wilaya ya Nyarugenge inayoteremka kutoka katikati ya Kigali kuelekea kituo cha mabasi cha Nyabugogo, si rahisi kumpata mtu wa namna hiyo. Baina ya mwananchi na mtandao husimama mwingine: wakala wa pesa za simu, kijana anayejaza fomu za serikali kwa malipo, fundi anayefungua simu iliyojifunga, au muuzaji aliyemfungulia mteja akaunti ya kwanza akiwa bado dukani. Mkono huo wa tatu haumo katika michoro ya wahandisi wala katika matangazo ya tahadhari, na hapo ndipo ulinzi mwingi unapovuja.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Irembo, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2015 ili mwananchi aombe hati za serikali kwa njia ya intaneti badala ya kupanga foleni ofisini. Mfumo wenyewe ni wa kusifiwa, kwa kuwa umepunguza safari na rushwa ndogondogo, lakini asiye na kompyuta, au aliye nayo na asiyejiamini kuitumia, humwendea wakala, akamkabidhi kitambulisho, na wakala akajaza kila kitu kwa niaba yake. Iwapo wakala, kwa haraka au kwa hila, ataandika namba yake ya simu mahali pa namba ya mteja, basi ujumbe wa malipo na taarifa za maendeleo ya ombi zitamfikia yeye, na mwenye hati atalazimika kurudi kwake kila anapotaka kujua jambo linalomhusu.

Uzito wa kitambulisho hicho hauishii kwenye kadi, kwa sababu namba yake yenye tarakimu 16 inasema mengi kabla hata ya kuulizwa: tarakimu ya kwanza huonyesha kama mwenyewe ni raia, mkimbizi au mgeni, nne zinazofuata ni mwaka wake wa kuzaliwa, na inayofuata hutofautisha mwanamume na mwanamke. Anayeinakili namba hiyo katika daftari la mlangoni mwa jengo la ofisi, au anayeacha nakala ya kadi katika mashine ya kutolea nakala, amekusanya data binafsi, yaani taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu fulani, bila kujua kwamba amefanya hivyo. Namba iliyo siri kwa mujibu wa kanuni huwa hadharani kwa mujibu wa desturi. Na mfumo unaoichukulia namba kama hiyo kuwa ushahidi wa utambulisho unajidanganya.

Pesa za simu zina historia ndefu kidogo. MTN ilianzisha huduma yake nchini Rwanda mwaka 2010, na matumizi yakaongezeka sana Machi 2020, pale ada zilipoondolewa kwa muda wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19 ili watu wasishikane noti. Wengi huitumia kwa kubonyeza nyota, namba 182 na alama ya reli, njia ambayo wataalamu huiita USSD na ambayo faida yake kubwa ni kwamba haihitaji simu janja wala intaneti, bali hufanya kazi hata katika simu ndogo ya vitufe. Udhaifu wake ni kwamba kinga ya mawasiliano hayo inategemea mtandao wa simu wenyewe, na usimbaji wa zamani wa mitandao ya kizazi cha pili, yaani ule utaratibu wa kuyafumba maneno ili asiyehusika asiyasome, ulionyeshwa na mtafiti Mjerumani Karsten Nohl mjini Berlin mwezi Desemba 2009 kwamba waweza kuvunjwa kwa vifaa vya bei nafuu. Hata hivyo ni nadra kwa mwizi wa mtaani kujisumbua na redio na hesabu, kwa kuwa njia rahisi ipo: kumpigia mtu simu, kumwambia kwamba pesa zimetumwa kwake kimakosa, kumtumia ujumbe ulioandikwa ufanane na ule wa kampuni, na kumsihi azirudishe. Nchini Rwanda matapeli wa aina hii wamepewa hata jina, abameni, na Idara ya Upelelezi, RIB, imekuwa ikiwakamata mara kwa mara.

Utapeli huo hauwezi kuendelea bila laini za simu zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Usajili wa lazima ulifanyika Rwanda mwaka 2013, na mwaka 2019 mamlaka ya udhibiti, RURA, ikaweka kikomo cha laini tatu kwa kila mtandao kwa mtu mmoja, kwa hoja kwamba laini yenye jina haitatumika kwa uhalifu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Jina lililo kwenye laini ni la aliyetoa kitambulisho siku ile, ambaye huenda alikuwa jirani, mzee asiyejua kusoma, au mteja aliyesajiliwa mara mbili bila habari yake, na polisi wanapofuatilia humfikia kwanza huyo. Tena kadiri mambo mengi yanavyofungwa kwenye namba moja ya simu, ndivyo wizi wa namba hiyo unavyokuwa na faida: mhalifu humshawishi au humhonga mtoa huduma ampe laini mpya yenye namba ya mwingine, na tangu hapo ujumbe wote wa uthibitisho humfikia yeye. Mwezi Agosti 2019 hata Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, alipoteza akaunti yake kwa muda kwa njia hiyo hiyo. Kama kampuni ya simu ya Marekani ilishindwa kumlinda mteja wa hadhi hiyo, ni vigumu kumlaumu mchuuzi wa Nyabugogo kwa uzembe.

Ubishi mwingine, usiosikika sana, ni juu ya nani hasa mwenye simu. Tangu mwaka 2015 simu za Android zina kinga ambayo, baada ya simu kufutwa kila kitu, huidai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla haijakubali kufunguka tena, nayo Apple ilikuwa imetangulia mwaka 2013. Kinga hiyo ilibuniwa imkomoe mwizi. Lakini muuzaji anayemfungulia mteja akaunti kwa haraka, kwa anwani na nenosiri alilolibuni mwenyewe, humwachia mnunuzi simu ambayo siku moja itamkataa, na mnunuzi hataweza kuonyesha kwamba ni yake kwa sababu kwa mashine si yake. Hapo ndipo fundi wa kufungua simu anapopata riziki, akiwahudumia kwa chombo kilekile mwizi na mwenye mali, bila njia ya kuwatofautisha. Simu za mkopo zimeongeza tabaka jingine. Nchini Kenya Safaricom na Google zilianzisha mwaka 2020 mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, na MTN Rwanda ina wake uitwao Macye Macye. Katika biashara ya namna hii mkopeshaji huweza kuifunga simu kwa mbali malipo yakichelewa. Mkopo huo umewafikisha kwenye simu janja watu ambao wasingeipata, na hilo si dogo. Lakini kuifunga simu ambayo ndiyo pochi, ndiyo ofisi na ndiyo njia ya kumwita daktari ni adhabu nzito kuliko deni, na ingefaa wadhibiti waamue ni huduma zipi zisizopaswa kuzimwa kamwe.

Mbele ya haya yote, habari zinazopata nafasi kubwa magazetini ni za upelelezi wa kimataifa. Mwaka 2021 Amnesty International ilisema kwamba simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, ilikuwa imeingiliwa na Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli. Serikali ya Rwanda ilikana kuwa na uwezo huo. Jambo hilo lina uzito wake kwa siasa na haki, lakini programu za aina hiyo ni ghali na huelekezwa kwa wachache, na mkazi wa kawaida wa Muhima akilitumia kama kipimo cha hatari inayomkabili atajilinda upande usiokuwa na adui.

Sheria ipo. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda data binafsi na faragha mwezi Oktoba 2021, miaka miwili baada ya Kenya na Uganda na mwaka mmoja kabla ya Tanzania, na kuiweka chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Inawataka wanaokusanya data wajisajili, watoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 48 data zinapovuja, na wazihifadhi data hizo ndani ya nchi isipokuwa kwa kibali. Sharti hili la mwisho halikuanguka kutoka mbinguni, kwani tayari mwaka 2017 RURA iliitoza MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuhamishia Uganda mifumo yake ya kompyuta kinyume cha leseni. Mahali seva ilipo ni jambo linaloweza kukaguliwa na kutozwa faini, na kwa hiyo wadhibiti hulipenda. Duka la mita chache za mraba lenye kompyuta mbili na rundo la nakala za vitambulisho halikaguliki kwa urahisi huo, ingawa kisheria nalo linashughulikia data za watu.

Kulisajili kila duka kungezaa makaratasi tu. Njia yenye maana zaidi ni kuwataka wenye mifumo mikubwa waukubali mkono wa tatu na kuupa mahali pake rasmi: wakala aingie kwa akaunti yake mwenyewe, afanye lile tu alilotumwa, na mwenye kitambulisho apate ujumbe kila mara namba yake inapotumika. Nchini Estonia raia huweza kuona mtandaoni ni taasisi gani iliyoangalia kumbukumbu zake. Mfumo mpya wa kitambulisho cha kidijitali ambao Rwanda iliutungia sheria mwaka 2023 unatoa nafasi ya kufanya jambo kama hilo kabla mazoea hayajaganda.

Kwenye kompyuta mambo yamekwenda kinyume na pendekezo hilo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama, yaani viraka vinavyoziba matundu yanayogunduliwa katika programu, kwa Windows 10, huku Windows 11 ikikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, zinazoingia Afrika Mashariki kutoka Ulaya na Dubai na kuuzwa kwa wanafunzi na ofisi ndogo, ni za umri huo. Baada ya vyama vya walaji kulalamika, watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliongezewa mwaka mmoja bure. Kwingineko ilibidi kulipa dola 30, ambazo kwa Rwanda ni zaidi ya faranga 40,000, kutumia pointi za zawadi za kampuni hiyo, au kuhifadhi mipangilio ya kompyuta katika hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kote kote kujiandikisha kunadai akaunti ya Microsoft yenye anwani na nenosiri, ambayo katika maduka ya Muhima, kwa mteja anayetaka kompyuta yake iwashwe kabla ya kupanda basi, itafunguliwa na fundi.