Sura ya Tano: Tope Lina Njia Yake

Nilipanga sura hii iwe na sehemu tatu: setilaiti, hesabu, kisha miwani ya uhalisia pepe. Lakini kuna dhana potofu ambazo hazina budi kuondolewa kwanza.

Hapa Adu, na kote Magarini, pwani ya Kenya, ukiuliza makorongo ya Nyari kule Marafa yalitokeaje, utaambiwa ni laana iliyowashukia matajiri waliooga maziwa. Kama ngano ya kuwafunza watoto adabu, haina neno. Kama maelezo ya ardhi, inapotosha. Nyari imechongwa na mvua na upepo katika miamba laini ya mchanga, na ingali inachongwa. Anayeridhika na laana haangalii maji yanapita wapi.

Dhana ya pili ni ya wasomi: eti setilaiti huona kila kitu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, haikutazama ardhi kabisa. Ilichunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Setilaiti ya Sentinel-2 huitazama ardhi, ila wingu likitanda haioni. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu. Hakuna hata moja itakayokutajia siku mlima utakapomeguka.

Tuchukue mfano wa Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliteremka mlimani hadi Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, vikaua watu zaidi ya 80. Uvumi ukazagaa kwamba volkano imelipuka. Haikulipuka. Mvua kubwa ililowesha sehemu dhaifu ya mlima, ikameguka, na mabonde yakaishusha hadi kwa watu.

Sasa jaribu kuiga tukio hilo kwenye kompyuta. Ramani ya mwinuko iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 huigawa ardhi katika vipande vya takriban mita 30 kwa 30, kila kipande na kimo kimoja. Korongo la upana wa mita 10 hufutika humo. Tope la kompyuta basi hutawanyika mteremkoni, ilhali la kweli lilibanwa korongoni likashika kasi. Halafu kuna msuguano. Modeli ya Voellmy, inayotumiwa sana, ina namba mbili: moja huamua hasa tope litasimama wapi, nyingine hulipunguzia kasi linapokimbia. Namba hizo hazionekani kutoka angani. Hupatikana kwa kurudia hesabu hadi tope la kompyuta likome pale lilipokoma la kweli, penye alama za matope ukutani.

Miwani imebakiwa na nafasi ndogo, na ndiyo stahili yake. Uzuri wa picha hauongezi ukweli wa hesabu. Faida ya miwani ni kwamba mama asiyesoma ramani husimama mlangoni pake, akaona tope litakapopita na kilima atakachokiwahi. Kwa hiyo, kabla hujavishwa, uliza: ramani hii ina vipande vya mita ngapi, na msuguano umelinganishwa na tukio gani? Mwenye miwani akikosa jibu, usiihamishe nyumba kwa ushauri wake, wala usijenge.