Kutoka Choo cha Chicago hadi Matone Mawili ya Lilongwe

Katika miji mingi ya Afrika, Lilongwe ikiwa mmojawapo, hufanyika mikutano ya chakula ambayo mpita njia huitazama kwa mashaka. Magari huegeshwa, mabwana na mabibi wenye beji ya gurudumu dogo kifuani huingia ukumbini, kengele hugongwa, na baada ya muda wa saa moja hivi kila mtu hurudi kazini kwake. Mpita njia hujiuliza: je, hawa ni watu wa hisani, ama ni wenye nafasi waliotafuta udhuru wa kula pamoja? Swali hilo si la kijinga. Wanachama wa Rotary wenyewe hawana haki ya kulikasirikia, kwani mwanzo wa chama chao ulikuwa karibu zaidi na jawabu la pili.

Tarehe 23 Februari, 1905, mwanasheria aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao mjini Chicago, Marekani. Shabaha yao ilikuwa urafiki na kupelekeana wateja. Walikutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, mara nyingine ofisi ya yule, na ndiyo asili ya jina Rotary, yaani mzunguko. Laiti wangeishia hapo, pengine leo wasingekumbukwa na mtu. Lakini mwaka 1907 walianza kuwahimiza wakuu wa jiji wajenge choo cha umma. Kazi hiyo haikuwa na fahari yoyote, na iliwachukua kiasi cha miaka miwili ya kubisha milango ya maofisi. Msomaji asiicheke, maana habari ya choo itarudi mbele.

Mkutano wa klabu una taratibu zake. Mwenyekiti hugonga kengele, wageni hutambulishwa, chakula huliwa, kisha mgeni aliyealikwa huzungumza: daktari, mwalimu mkuu, ofisa wa maji, au mama anayeendesha kituo cha watoto yatima. Zipo pia faini za mzaha. Aliyechelewa hulipa, aliyepandishwa cheo hulipa kwa furaha yake, na aliyesahau beji hulipa kwa usahaulifu wake. Anayezikusanya huitwa sajenti. Askari watatabasamu kusikia hivyo, kwa kuwa sajenti huyo hana tepe hata moja, wala hana mahabusu ya kumtia mkaidi. Zamani kila klabu ililazimika kukutana kila wiki. Tangu mwaka 2016 sheria imelegezwa, na mikutano miwili kwa mwezi yatosha. Akina mama walikubaliwa rasmi duniani kote mwaka 1989 tu, jambo ambalo chama kinachojigamba kwa haki kilipaswa kulitenda mapema zaidi.

Sarafu za sajenti ni kidogo. Lakini zikikusanywa katika maelfu ya vilabu, pamoja na michango mikubwa ya wanachama, huwa fedha za kutosha kwa vita. Na vita walivyovichagua ni dhidi ya polio, ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1979 walianza kugharamia chanjo ya watoto huko Ufilipino. Mwaka 1985 wakaifanya kazi hiyo kuwa ya dunia nzima. Mwaka 1988 wakaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengineo. Wakati huo polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 100. Tangu hapo Rotary imetoa zaidi ya dola bilioni 2, na ugonjwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Malawi ilikuwa haijaona polio ya asili tangu mwaka 1992. Agosti 2020 bara zima la Afrika lilitangazwa kuwa limeepukana nayo. Basi tarehe 17 Februari, 2022, ikatoka habari ya kushtua: mtoto wa kike wa miaka mitatu, wa Lilongwe, amepooza. Dalili zilimwanza Novemba 2021. Virusi vilipochunguzwa vilionekana kuwa ndugu wa vile vya jimbo la Sindh, nchini Pakistan. Vilivukaje bahari na mipaka, bila pasi wala kuonekana na doria yoyote? Ndivyo polio ilivyo. Huingia kwa njia ya mdomo na kutoka kwa njia ya haja kubwa, ikafuata maji machafu na mikono isiyonawiwa. Kati ya watu 200 walioambukizwa, mmoja tu ndiye hupooza. Wengine hutembea na kucheza huku wakiusambaza. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza ni ishara kwamba wapo wengine wengi wasiojulikana. Dawa ya kumponya aliyepooza hakuna. Hapo ndipo wale wa Chicago na choo chao walipokuwa wameona mbali, pengine bila wao kujua.

Mwezi uliofuata kampeni ilianza. Chanjo ilipaswa kumfikia kila mtoto wa chini ya miaka mitano, si wa mjini peke yake. Fikiria Nathenje, mji mdogo wa biashara ulioko kusini ya Lilongwe kwenye barabara kuu iendayo Dedza, na vijiji vinavyouzunguka. Chanjo haitaki joto. Husafiri ndani ya sanduku la barafu begani mwa mhudumu wa afya, nyumba hadi nyumba. Matone mawili mdomoni, wino kidoleni, kisha nyumba inayofuata. Mama aliyekwenda shamba alfajiri na mwanawe mgongoni hana budi kurudiwa jioni. Fedha zilizochangwa hotelini hufika hapo kwa njia ya Shirika la Afya na UNICEF, zikiwa zimegeuka chanjo na usafiri.

Upande wa pili wa mji mkuu, wilayani Dowa, iko Dzaleka. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilipangwa kwa watu wasiozidi 12,000 hivi, nayo ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee kambini, msongamano ukazidi. Palipo na watu wengi na vyoo vichache, polio hupata malisho. Zaidi ya hayo, neno la Kichewa linalomtuliza mama wa Nathenje huenda lisieleweke Dzaleka, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu. Mama asiyeelewa kinachotiwa mdomoni mwa mwanawe atamficha, na ana haki ya kuogopa. Mtoto mmoja aliyefichwa chini ya kitanda aweza kuharibu kazi ya wilaya nzima.

Jirani nao hawakusalimika. Jimbo la Tete, nchini Msumbiji, lilipata watoto 8 waliopooza mwaka 2022. Tanzania haikungoja, Machi mwaka huohuo ilichanja watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, mikoa iliyo karibu na Malawi, na baadaye nchi nzima. Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko wa Malawi na Msumbiji umekwisha.

Yule mtoto wa Lilongwe, hata hivyo, alikwisha kupooza. Nazo chanjo za kawaida zaendelea kama kadi ya kliniki ionyeshavyo: mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa raia na kwa watoto wa kambi za jeshi na polisi vilevile. Huko ukumbini kengele hugongwa bado, na sajenti asiye na tepe huzungusha kikapu chake kati ya meza.